Maswali yenu: daktari wa mbwa atafika lini huku kwetu?

Toleo lililopita niligusia habari ya matibabu ya bure ya mbwa kwa wale ndugu zetu waliotolewa msituni na milimani, Batwa wa Kisoro na Kanungu, Ik wa Kaabong, Benet wa Mlima Elgon, nikaomba mniandikie. Mmeandika kweli kweli, asanteni sana. Siwezi kujibu zote, nimechukua zile zinazogusa wengi na barua nyingine nimezifupisha kidogo. Majina sitaji.

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni mhudumu wa afya wa kijiji huku Kisoro. Walikuja wageni na madaktari wakatangaza kwa spika, leteni mbwa wachanjwe bure hakuna kulipa hata shilingi. Wakulima walileta. Batwa wanaokaa upande wa juu, na wana mbwa wengi, hawakuleta hata mmoja, ila kijana mmoja wa kwao alikuja bila mbwa akasimama mbali anaangalia. Wageni wakaondoka wakisema hawa watu hawajali mbwa wao. Mimi najua wanawapenda sana. Sasa shida iko wapi?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na huyo kijana aliyesimama mbali ndiye ningemfuata mimi, yule alitumwa kuangalia.

Hebu tukumbuke wale watu wametoka wapi. Bwindi na Mgahinga zilifanywa hifadhi za taifa mwaka 1991 na Batwa wakatolewa nje, wengi bila kipande cha shamba, mpaka leo wengi wanakaa kwenye ardhi ya mtu mwingine au ya kanisa. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ilikubali kwamba haki zao zilivunjwa. Na mbwa kwa Mutwa hakuwa wa kubweka getini, alikuwa mwenzake wa kuwinda, anafungwa kengele shingoni ili asipotee kwenye msitu mnene. Sasa tangu uwindaji uwe kosa, mbwa anayekaa karibu na mpaka wa hifadhi amegeuka kuwa ushahidi. Anakuja mtu na gari, amevaa kofia na buti, ana daftari, anauliza nani ana mbwa na ni wangapi. Wewe ungemjibu? Mimi nisingemjibu.

Alafu kuna hili la bure. Mtu anayeishi kwa leja leja, yaani vibarua vya siku, akipoteza asubuhi moja kupanga foleni ya mbwa, jioni watoto hawali. Kwa hiyo bure ya wale wageni kwake ilikuwa na bei, tena kubwa kuliko bei ya mkulima mwenye shamba lake. Na tangazo lenyewe lilikuwa kwa lugha gani, na spika ilifika mpaka juu kule? Uliza tu.

Ninachokuomba, kabla hawajarudi, wewe panda juu bila gari. Kaa na wazee wao, uwaambie wazi kwamba majina ya wenye mbwa hayaendi kwa askari wa hifadhi, na hakikisha ni kweli hayaendi maana ukiwadanganya mara moja basi imeisha. Muombe huyo kijana awe kiongozi wa siku hiyo na alipwe kama wengine wanavyolipwa. Timu iende nyumba kwa nyumba, ianze alfajiri kabla watu hawajatoka kutafuta kibarua. Mbwa wengi kule hawajawahi kuvaa kamba maisha yao yote, ukimvuta mbwa wa hivyo kilomita mbili mpaka kwenye hema atapigana na kamba na atamng'ata mtoto anayemvuta, ndiyo maana kituo kimoja cha katikati kinawafaa watu wa mjini tu.

Nyumbani inakuwa rahisi. Mwenye mbwa anachuchumaa, anamkumbatia shingo akimsemesha kwa sauti anayoijua, daktari anapita nyuma, anainua ngozi ya mgongoni karibu na mabega, mililita moja inaingia, na mbwa anageuza kichwa sindano ishatoka. Anapakwa rangi kidogo kichwani ili asichanjwe mara mbili. Kadi apewe mwenye mbwa mkononi mwake, asipewe mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji, kumtunzia. Hiyo kadi ina maana kubwa kwa mtu ambaye hana karatasi nyingine ya serikali inayosema hiki ni changu.

SWALI: Daktari shikamoo, naandika kutoka Kaabong. Mtoto wangu wa miaka saba aliumwa na mbwa wa jirani mguuni, damu ilitoka kidogo tu. Bibi yake aliweka dawa ya miti na kufunga kitambaa. Jirani anasema mbwa wake ni mzima. Niende hospitali au nisubiri nione?

JIBU: Marahaba mama, usisubiri. Nenda leo, na kama hili gazeti limechelewa kukufikia nenda hata kama siku zimepita.

Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa mtu hakuna dawa, karibu wote wanakufa, na kinaweza kukaa kimya wiki au miezi kabla hakijaanza. Huo muda wa ukimya ndio muda wako wa kumuokoa mtoto. Kwa yeyote anayesoma hapa, jeraha la mbwa lioshwe hapo hapo kwa maji mengi na sabuni dakika 15, dakika 15 za saa sio za kukisia, hata kama ni mkwaruzo, hata kama mtoto analia mpaka majirani wanakuja. Usipake majani, usipake mafuta, usipake pilipili, usifunge kwa nguvu. Wewe toa hicho kitambaa, osha, nenda kituo cha afya uulize chanjo ya kichaa cha mbwa, wakikuambia imeisha waulize hospitali gani inayo na uende huko. Sindano ni zaidi ya moja, zifuate zote kwa tarehe walizoandika, hata mtoto akionekana anacheza mpira.

Huyo mbwa msimuue. Afungwe, apewe maji na chakula, aangaliwe siku 10. Akimaliza siku 10 akiwa mzima basi siku ile anauma hakuwa na kirusi kwenye mate na daktari ataamua kuhusu sindano zilizobaki. Lakini msingoje hizo siku 10 ziishe ndiyo mtoto aanze sindano, mambo hayo yanakwenda pamoja. Mbwa akibadilika, akaanza kutoa mate mengi, kubweka kwa sauti iliyokwama, kuuma hovyo au kulegea taya, mwiteni ofisa wa mifugo wa sabukaunti haraka. Na akifa msimchome wala kumponda kichwa, ofisa anaweza kuhitaji ubongo wake kupima.

Mama nakuombea mtoto apone. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 hivi wanakufa kwa ugonjwa huu kila mwaka duniani, na watoto wa chini ya miaka 15 ni kama 40 kati ya kila watu 100 wanaokufa, na karibu wote wameupata kwa mbwa. Ndiyo maana mimi nikiona mbwa mmoja wa manyatta, yale maboma ya Karamoja, amechanjwa, ninachokiona ni wale watoto wanaolala naye.

SWALI: Dokta, mimi nasomea udaktari wa mifugo Makerere. Na wenzangu tunataka kwenda Karamoja likizo, tufike mpaka kwa Ik, tukatoe huduma ya bure kwa mbwa. Tumegawanyika, wengine wanataka tufanye upasuaji wa kuhasi na kufunga uzazi, wengine wanasema chanjo tu. Wafadhili wanapenda upasuaji kwa sababu ya picha. Unashauri nini?

JIBU: Mwanangu, barua yako imenifurahisha na pia imenitia wasiwasi, na nitakujibu kwa urefu kwa sababu wewe ndiye utakayekuwa ukifanya hii kazi sisi tukishastaafu.

Swali la kwanza sio upasuaji au chanjo. Swali ni mtarudi lini. Kama jibu ni hamjui, basi msifanye upasuaji. Kumhasi dume ni kazi ndogo lakini kumfunga jike uzazi ni kumfungua tumbo, anahitaji dawa ya usingizi inayopimwa kwa uzito wake, dawa ya maumivu baada ya hapo, sehemu kavu ya kulala, na mtu wa kuangalia mshono siku zinazofuata. Mbwa wa manyatta kesho yake anafuata mbuzi kwenye miiba na vumbi. Mshono ukifunguka na nyinyi mko Kampala mnapanga picha, yule mama aliyewaamini atamzika mbwa wake na mwaka ujao hatafungulia mtu yeyote mlango, hata wa chanjo ya mtoto. Mimi nimeona kijiji kilichokataa timu nzuri kabisa kwa sababu ya timu mbaya iliyotangulia.

Chanjo ndiyo inayookoa watu kwa bei ndogo. Kipimo kinachojulikana ni kufikia mbwa 70 kati ya kila 100 wa eneo, hapo kirusi kinakosa pa kupita. Lakini mbwa wa vijijini hawaishi sana, wanazaliwa wengi na kufa wengi, kwa hiyo mkichanja leo 70 mwaka ujao sio 70 tena, wale watoto wapya wa mbwa wote hawana kinga. Ndiyo nasema kurudi. Na hao watoto msiwaache, wachanjeni hata wenye umri chini ya miezi mitatu, maana ndio wanaobebwa mikononi na watoto wa watu.

Mtaniambia barafu itaisha njiani kabla hamjafika kule milimani. Fuateni karatasi ya chanjo yenu, nyuzi 2 mpaka 8, sanduku zuri na pakiti za barafu za akiba. Ila mjue pia kwamba watafiti waliofanya kazi Tanzania walipima aina moja ya chanjo ya mbwa wakakuta inafanya kazi hata baada ya kukaa miezi 6 kwenye nyuzi 25, au miezi 3 kwenye nyuzi 30. Sio ruhusa ya kuwa wazembe, na sio kila chanjo iko hivyo, lakini inaonyesha kwamba vijiji vya mbali havina haja ya kusubiri friji na umeme ndiyo vikumbukwe. Ongeeni na walimu wenu na ofisa wa mifugo wa wilaya.

Sasa kitu ambacho wengi wanasahau Karamoja ni minyoo. Kuna tegu mdogo sana anayekaa tumboni mwa mbwa, mbwa hana shida yoyote, lakini mayai yake yakiingia kwa mtu kupitia mikono au maji au mbwa anayelamba sufuria, yanatengeneza uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu, unakua taratibu miaka na miaka mpaka tumbo linavimba kama la mjamzito. Majirani wa Karamoja, Waturkana wa Kenya, walikuwa kati ya watu walioathirika zaidi duniani, na shirika la afya la AMREF lilianza kazi ya kuuzuia kule mwaka 1983, wakapasua wagonjwa na wakatibu mbwa kwa prazikwanteli, dawa ya minyoo. Mbwa anaupata akila maini na mapafu ya mbuzi au kondoo yenye ule uvimbe. Kwa hiyo mkienda, kila mbwa anayechanjwa apewe na kidonge cha minyoo, alafu mkae na wanaochinja, muone wanapochinjia, mzungumze namna ya kuchoma au kuzika yale maini na mapafu yenye uvimbe badala ya kumrushia mbwa. Mazungumzo hayo ya chini ya mti yana faida kuliko upasuaji wa mbwa ishirini. Wafadhili waelezwe hivyo hivyo.

Na mko karibu na Kidepo. Watu wa Ik walitolewa bonde lile, likafanywa hifadhi ya taifa mwaka 1962, wakabaki kwenye milima pembeni. Mwaka 1994 kule Serengeti distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa, uliua kama theluthi moja ya simba, na wataalamu wanauhusisha na mbwa wa vijiji jirani. Kwa hiyo mkipata chanjo ya distempa pamoja na ya kichaa ni vizuri. Ila tafadhali msiende kumwambia mzee wa Ik kwamba mmekuja kutibu mbwa wake kwa ajili ya simba. Mtibuni mbwa kwa sababu ni wake na ana haki ya huduma sawa na tajiri wa Kololo kule Kampala, simba watafaidika bila kutajwa.

Umeniuliza pia mwisho wa barua kama kuna mahali duniani wamefanikiwa kwa watu kama hawa. Wapo. Australia kuna shirika linaitwa AMRRIC linafanya kazi kwenye jamii za wenyeji wa asili zilizo mbali sana, na kazi yao kubwa ni kufundisha watu wa pale pale kuangalia afya ya mbwa, daktari anakuja na kuondoka ila mtu wa kijiji anabaki. Marekani, kwenye ardhi ya Waapache wa San Carlos kule Arizona, watu walikuwa wanakufa kwa homa ya madoa inayoletwa na kupe wa mbwa. Kuanzia 2012 walipita nyumba mia kadhaa pamoja na wenyeji wenyewe, kila mbwa akavalishwa mkanda wa dawa ya kupe na uwanja wa nyumba ukapuliziwa, na baada ya muda mbwa waliokutwa na kupe walikuwa chini ya 1 kati ya 100 wakati jamii nyingine ambayo haikufikiwa zaidi ya nusu ya mbwa walikuwa nao. Ukiangalia sana siri yao haikuwa mashine, ni kupita kila nyumba na kurudia kupita. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, sasa nyinyi wageni hakikisheni mwenyeji anapona kweli, mchagueni kijana mmoja au wawili wa pale, mfundisheni kushika mbwa, kusoma uzito, kuandika daftari, mumwachie namba ya simu na salio.

Mkishakuwa mmerudi mara kadhaa na mna mtu wa pale wa kuangalia mishono, hapo upasuaji uanze, na utaombwa na wenyewe kabla nyinyi hamjautaja.

SWALI: Mheshimiwa, kijiji chetu hapa Kanungu mbwa wamezidi, LC wani anataka tuchange pesa tununue sumu tuwaue wote wasiofungwa. Ni sawa?

JIBU: Hapana, na muonyesheni mwenyekiti hii barua kwa heshima.

Kisiwa cha Flores kule Indonesia kichaa cha mbwa kiliingia 1997, wakaua mbwa kwa maelfu na maelfu, ugonjwa haukuondoka. Ukiua mbwa wa kijiji, mwenye shamba anaficha wake au analeta mwingine kutoka kijiji cha pili ambaye hujui kama amechanjwa, kwa hiyo unapoteza hata wale waliokuwa na kinga. Mexico wao waliamua kuchanja mbwa kwa wingi mwaka baada ya mwaka, na 2019 wakathibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa nchi ya kwanza kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa. Sumu nayo haichagui, inaokotwa na mtoto, inaliwa na nguruwe wa mtu, tai akila mzoga naye anakufa. Na kwenu huko mbwa "wasiofungwa" wengi ni wa Batwa, watu ambao hawana uzio wala mnyororo, kwa hiyo hiyo sumu ingewaangukia wale wale ambao wameshaonewa vya kutosha. Zile pesa za mchango zitoeni zikanunue chanjo.

SWALI: Salaam alaykum. Mimi ni Mnubi wa Bombo, muislamu. Napenda kujitolea na timu inayokwenda vijijini kutibu mbwa lakini nyumbani wananiambia mbwa ni najisi nisiwaguse. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykum salaam ndugu yangu. Mimi sio shekhe, swali la dini lipeleke kwa imamu wako na umweleze kazi yenyewe ilivyo. Ninachoweza kukuambia ni kwamba nimefanya kazi na waislamu wazuri sana kwenye hizi timu. Wanachokwepa ni mate, wanavaa glavu na ovaroli, wanaosha kama walivyofundishwa kabla ya kuswali, na wakati wa swala tunasimamisha gari. Mbwa wa kulinda mifugo na wa kuwinda wamekuwepo kwenye nyumba za waislamu tangu zamani, na kisa cha mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu kinafundishwa madrasa, wewe unakijua kuliko mimi. Na kama bado moyo unasita, timu inahitaji mtu wa kuandika kadi, kutunza sanduku la barafu, na kutafsiri, tena wewe mwenye Kiswahili kizuri cha Bombo ungetufaa sana kule kwenye kambi na masoko ambako Kiluganda hakifiki.

SWALI: Mbwa dume akihasiwa anakuwa mvivu, haachi kulinda?

JIBU: Analinda kama kawaida, eneo ni lake bado. Kinachopungua ni kuzurura kufuata majike na kupigana, kwa hiyo anarudi nyumbani na majeraha machache.

SWALI: Sisi ni vijana wa Benet, upande wa Kween. Tunasoma habari za mashirika yanayotibu mbwa bure lakini huku juu hawafiki, barabara mvua ikinyesha ni tope tupu. Tuanzie wapi, au tusubiri tu?

JIBU: Msisubiri, na poleni kwa hiyo barabara naijua.

Anzeni kwa kuhesabu. Gaweni vijiji, kila mmoja apite nyumba zake na daftari aandike mbwa wangapi, majike wangapi, watoto wangapi, nani aliumwa mwaka huu na alitibiwa wapi. Hesabu hiyo ndiyo itakayowafungulia milango, maana ofisi nyingi hazina habari kabisa ya mbwa wa kule juu na mtu hawezi kuwapangia dozi za kitu ambacho hakipo kwenye karatasi. Alafu andikeni barua kwa ofisa wa mifugo wa wilaya, isainiwe na wenyeviti wa LC na wazee, nakala kwa ofisa wa afya kwa sababu kuumwa na mbwa ni shida yake pia. Mwaka wa fedha unaanza Julai, kwa hiyo barua ifike miezi kadhaa kabla, sio Agosti. Ombeni tarehe iwe karibu na 28 Septemba, ndiyo Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, mashirika na chuo kikuu mara nyingi wanatafuta mahali pa kwenda wakati huo, ila nyinyi mnaijua mvua yenu, mkiona kipindi hicho gari halitapanda semeni ukweli na mpendekeze mwezi mwingine.

Kwenye barua andikeni mnachotoa nyinyi pia. Sehemu ya kulala timu, vijana wa kushika mbwa, punda wa kubeba sanduku pale gari linapokwama. Timu ikijua hayo yapo haina kisingizio. Mkishapata hesabu nitumieni nakala kupitia gazeti, nitawasaidia kuipanga vizuri na kuipeleka kwa wenzangu.